Nimerudi Chuo, Ila Jiko la Mama Limenifuata

Mwenzenu nilipotea, najua, na wengine mmeninunia kabisa. Poleni jamani. Likizo nzima sikuandika hata mstari mmoja, maana simu yangu betri lake mnalijua, na muda wenyewe ulikwenda kwenye kazi ambayo sikuipanga. Sasa nimerudi Dodoma, bumu halijaingia, chumbani tuko wanne kama kawaida, na jambo la kwanza aliloniuliza mwenzangu wa kitanda cha juu ni hili: "We dada, mbona mikono imekuwa kama ya saidia fundi?" Nikamwambia nimepanga jiko la mama. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia subiri kwanza nikusimulie. Nilipomaliza hakucheka tena, ndiyo maana nimeona niwaandikie na ninyi.

Kwa wasiojua, nyumbani ni Katoro, mkoa wa Geita. Asili yetu Shinyanga, ila baba alifuata dhahabu na sisi tukamfuata baba, nikiwa darasa la pili. Wakati huo Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza, mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012. Baba ni mchimbaji mdogo. Leo ana sehemu kwenye duara, kesho anasaga mawe ya watu kwenye karasha, keshokutwa yuko mwaloni anaosha. Duara likitema tunakula wali na kuku. Lisipotema tunakula michembe na tunashukuru.

Safari hii nilianzia kwa bibi, kijijini Shinyanga, nikalala siku mbili. Nataja jiko la bibi kwa sababu ndilo lililoniingiza kwenye haya yote. Mle ndani kuna mafiga matatu, sufuria mbili, chungu kimoja, ungo, kata na mwiko. Kinu kiko nje. Basi. Tangu nizaliwe kila kitu kiko pale pale, usiku wa giza bibi ananyoosha mkono anachomoa kibuyu cha chumvi bila tochi. Nikasema hivi ndivyo jiko linavyotakiwa kuwa! Ila moshi sasa. Kuta nyeusi kama lami, dirisha hakuna, na macho ya bibi mekundu mwaka mzima. Wasukuma wenzangu mnajua macho mekundu kwetu yalikuwa na maana gani. Vikongwe wengi wameuawa kanda ile kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho tu, macho yaliyopikwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe kwa miaka hamsini. Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi akienda mnadani anashusha khanga hadi kwenye nyusi, nikadhani anakwepa jua.

Basi bwana, nikafika Katoro (siku hizi unavuka daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko, raha tupu, lilifunguliwa Juni 2025) nikiwa na kichwa kimejaa jiko la bibi. Nikaingia la mama kutafuta kikombe. Nilitafuta kikombe robo saa.

Lazima niwaeleze. Mama kwa miaka mingi alikuwa mama lishe kule kwenye mialo ya Rwamgasa, anawapikia wachimbaji. Aliacha alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne. Biashara iliisha ila vyombo vyake vilihamia nyumbani, na jiko letu ni kibanda cha bati nyuma ya nyumba, ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kugusa kuta. Humo ndani nilihesabu sahani 43. Hotipoti 11, mifuniko saba, na katika hiyo saba inayoingia kwenye hotipoti zetu ni minne. Mitatu sijui ni ya nani duniani. Chupa za chai tatu zisizo na kioo ndani. Blenda iliyoungua, imerudishwa kwenye boksi lake na kufungwa kamba kama inasafiri. Na kile kiroba cha mifuko ya rambo! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019, ila jikoni kwetu tangazo halijafika.

Nikamwambia mama, Jumamosi tunatoa kila kitu nje. Kila kitu. Akasema "haya mwalimu," kwa ile sauti ya kukubali ambayo si kukubali.

Jumamosi asubuhi nikatandika turubai uani nikaanza kutoa. Nikaweka mafungu matatu: vinavyobaki, vya kugawa, vya kutupa. Majirani wakaanza kupita polepole. "Mama Mwalimu, mnahama?" (Mama keshakuwa Mama Mwalimu mtaani, na mimi hata fildi ya pili sijaenda.) Mwingine akauliza kama tumeuza nyumba. Mpaka saa nne uani palikuwa kama gulio. Na kila nikienda kuchota maji nikirudi fungu la kutupa limepungua na la kubaki limenenepa. Nikamwambia "Mama, hili sufuria lina tundu." Akaniambia "Hilo ndilo lililokupikia uji." Hoja ya namna hiyo unaijibuje? Chungu kimepasuka, ila kilitoka kwa mama yake. Karai limeliwa na kutu, ila lilinunuliwa kwa hela ya kwanza ya mialoni. Nikajifunza kitu ambacho kwenye saikolojia ya elimu hatukufundishwa, kwamba mtu aliyewahi kukosa hatupi. Mama aliona njaa, akiona kopo tupu anaona chombo. Tukakubaliana kwa mbinde sahani 20 ziende kwa mama lishe kijana wa stendi, hotipoti zisizo na mifuniko zihifadhie mbegu, na blenda iondoke. Kwa blenda aligeuka pembeni asiione ikienda.

Kuna kitu kimoja kilinishangaza mapema nikakipuuza. Sufuria mbili za alumini, za kawaida tu za sokoni, zilikuwa na madoa yaliyovimba, na juu ya madoa kitu cheupe kimeota kama ukungu kwenye mkate. Ukikifuta kinadondoka unga, chini yake kumechimbika. Mama akasema ni sufuria feki, alishagombana na mwenye duka mpaka wakanuniana. Nikaziweka fungu la kutupa.

Saa saba mchana nikabaki na uchaga wa juu kabisa, nyuma ya gunia la michembe. Nikapapasa nikashika kikaango cheusi, kile cha kukaangia karanga, na ndani ya kikaango kopo la Blue Band. Nikalivuta kwa mkono mmoja, likanivuta mimi. Jamani lilikuwa zito, kopo dogo zito kama jiwe la kusagia. Nikafungua. Ndani kitambaa, ndani ya kitambaa kichupa cha dawa ya kikohozi, na ndani ya kichupa maji ya fedha yanayocheza.

Zebaki.

Mimi nasoma ualimu wa Kemia na Baiolojia, kwa hiyo hii naijua kwenye makaratasi tangu kidato cha tatu. Ni nzito mara kumi na tatu na nusu ya maji, hivyo kichupa cha mililita 50 kikijaa kina karibu gramu 680. Nilishaandika jibu hilo kwenye mtihani nikapata alama zangu. Ila sikuwahi kulishika nikiwa nimesimama juu ya kigoda, chini yangu mdogo wangu anachezea mifuniko.

Nikamwita mama. Hakushtuka hata kidogo. "Aaa, hiyo ni ya baba yako. Usiimwage, ni hela." Nikauliza na kikaango? "Ndiyo anachochomea, mvua ikinyesha. Au akiwa hataki watu wajue." Anachomea wapi? Akanyoosha kidole kwenye jiko la mkaa, lile lile tulilopikia chai asubuhi. Na kikaango? "Si naosha."

Kwa wenzangu mnaotoka mikoa ya kahawa na korosho, ngoja niwaeleze. Mawe yakishasagwa na kuoshwa mwaloni, ule mchanga mzito unaobaki unachanganywa na zebaki, tena wengi wanaisugua kwa mikono mitupu. Zebaki inakamata chembe za dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cheupe. Karibu nusu ya kidonge hicho ni zebaki bado. Unakiweka motoni, zebaki inapaa, dhahabu inabaki na rangi yake. Hapo kwenye "inapaa" ndipo mwalimu wetu wa sekondari alipopitiliza. Inapaa kwenda wapi? Ikichomwa ndani ya kibanda cha bati inapaa hadi kwenye bati, ikipoa inarudi chini, kwenye gunia la michembe, kwenye sahani 43, kwenye nyufa za sakafu. Na huko kwenye nyufa haitulii, inaendelea kutoa mvuke hata bila moto. Mvuke wenyewe hauna harufu. Ukimeza zebaki ile ya maji sehemu kubwa inapita tu, ila mvuke ukiuvuta, mapafu yanapokea sehemu yake kubwa, unakwenda kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unavuka hadi kwa mtoto. Mtu anaanza kutetemeka mikono, anasahau, anakuwa na hasira zisizoeleweka, usingizi unakata.

Na zile sufuria! Nikaenda kuzichukua tena kwenye fungu. Alumini ina ngozi nyembamba sana ya oksaidi inayoilinda. Zebaki ikipata mkwaruzo inapenya chini ya hiyo ngozi, na alumini inaanza kuliwa na hewa na kuota manyoya meupe. Mwenye duka wa watu hakuwa na kosa. Nilimwambia mama akakaa kimya, akahesabu kwa vidole, nadhani alikuwa anahesabu ilianza lini. Kisha akamwangalia mdogo wangu. Akamwambia toka humo ndani nenda kwa bibi jirani ukacheze.

Sikutaka kuonekana msomi wa kutisha watu, ila mambo haya hayakuanza jana. Rwamgasa yenyewe ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa, watafiti wakachukua mikojo na damu za wachimbaji. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima juu ya watoto na zebaki kwenye machimbo yetu, Geita na Kahama zimo. Mwaka huo huo dunia ilikubaliana Mkataba wa Minamata, umepewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye zebaki ya kiwandani wakaanza kupooza, ikatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba ulianza kazi 2017, Tanzania ikauridhia 2020. Yote hayo yamefanyika, na kichupa kilikuwa nyuma ya michembe.

Tukafungua mlango, tukazima moto, tukatoa watoto. Nikalala kifudifudi na tochi ya simu nikiimulika sakafu kwa ubavu, maana ukimulika kutoka juu huoni kitu, kwa ubavu vinang'aa kama macho ya panya. Vilikuwa vingi. Ufagio haufai, unavipasua vinakuwa vidogo zaidi na kusambaa. Nikatumia kadi mbili za karatasi na selotepu, nikavikusanya kimoja kimoja kwenye chupa ya jamu yenye maji, na mfuniko. Mikononi nilivaa nini? Rambo. Mama alinifunga mwenyewe kwa mpira, akaniambia, "Unaona? Na ulitaka nitupe." Hiyo mikono mnayoiona ni ya kusugua bati na kuta kwa maji na sabuni siku mbili baada ya hapo. Gunia la michembe lilikwenda lote, na hilo mama hakulibishia, jambo lililoniogopesha kuliko kichupa chenyewe.

Ikabaki baba.

Baba akila hasemeshwi. Nikangoja anawe. Siku hiyo baba mdogo alikuwa amekuja, tukakaa nje wote. Baba mdogo ameosha dhahabu tangu ujana wake, na miaka ya karibuni mkono wake wa kulia unatetemeka, chai anawekewa nusu kikombe isimmwagikie. Mtaani wanasema kalogwa kwa ajili ya duara, wengine wanasema gongo, na yeye hanywi. Mimi si daktari, sikusema kitu juu yake, wala sisemi hapa.

Nikaanza, "Baba, samahani, naomba kuuliza." "Uliza, mwalimu." Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nilitumia mbinu zote za kufundishia, nikaonyesha hadi ile sufuria. Baba akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akasema polepole tu, wala hakukasirika:

"Hiyo unayoiita sumu ndiyo iliyokununulia godoro la kidato cha kwanza."

Sikuwa na jibu. Hadi leo naandika hapa sina. Mkopo wa serikali unaonilipia mimi sasa ulinikuta tayari nimefika mlangoni, na aliyenibeba hadi mlangoni ni kile kichupa.

Nikauliza kuhusu retoti, kile kifaa cha chuma unachofunga kidonge ndani, mvuke unapita kwenye bomba unapoa na zebaki unaipata tena. Kumbe anakijua! Walishaonyeshwa. Akasema, "Mama, kile kinachelewa, halafu ndani huoni. Mwenye duara kasimama, mwenye karasha kasimama, mwenye mwalo kasimama, kila mtu anasubiri mgawo wake, wewe uwaambie dhahabu imo humo ndani ya chuma, subirini? Hatutoki salama." Na nyumbani je? "Nyumbani hakuna anayehesabu." Nikaelewa kwamba baba anajua mengi kuliko somo langu. Kwenye makaratasi retoti inashinda. Kwenye mwalo kuna watu watano wasioaminiana wamekodolea macho moto mmoja.

Tukanyamaza wote. Mama akamimina chai, akampa baba mdogo nusu kikombe kama kawaida. Kikombe kikagonga meno. Nikaona baba anakiangalia kile kikombe, na akaendelea kukiangalia hata kilipowekwa chini.

"Kichupa nitakitoa," akasema.
"Na kikaango?"
"Na kikaango."
"Na kuchoma, baba?"
Akasimama, akaenda kukagua mnyororo wa pikipiki, gizani.

Asubuhi yake nasikia sauti uani, mama kaita kijana wa chuma chakavu na kikaango kiko kwenye mizani. Nikatoka mbio na nguo ya kulalia. Mama anasema si umesema kitoke? Nikamwambia kitoke kiende wapi? Hiki hakiendi kuyeyushwa, mtu atakipenda njiani akakaangie karanga za watoto. Hapo ndipo kupanga jiko kulinishinda jamani, maana zile sahani 20 zilikuwa na pa kwenda, hata blenda ilikuwa na pa kwenda. Kikaango hakikuwa na pa kwenda. Nikachukua msumari wa nchi nne na jiwe, nikakitoboa matundu sita kitakoni. Mama alitazama kama namchinjia jogoo wake. Jioni baba akakiona, akakigeuza geuza. "Sasa hata mimi siwezi kukitumia." Nikasema ndiyo baba. Akacheka, kicheko cha kweli. Nikampa na ile chupa ya jamu, nikamweleza kwa makini kwamba isifunguliwe, ikae na maji yake. Akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa kidogo. "Hii bado nzima," akasema, akaiweka mfukoni.

Jiko lenyewe lilipendeza, sitaki kuwadanganya. Tulitoboa dirisha ukutani juu ya jiko, nikaweka uchaga mpya wa mbao, sufuria zinashuka kwa ukubwa, chumvi na majani ya chai mkono wa kulia kama kwa bibi. Mama alianza kutafuta vitu vyake kwa kufumba macho, anajipima, anacheka mwenyewe.

Jana usiku nimempigia. Kanipa habari zote, mdogo wangu mzima, sahani zimeanza kurudi kimoja kimoja (mama lishe wa stendi "alikuwa anazitunza tu"). Nikauliza, na lile kopo? Halipo, kasema, baba yako kalihamisha kweli. Nikashukuru Mungu. Halafu akaongeza, kama anasema bei ya nyanya, kwamba juzi duara lilitema kidogo, na baba kachomea nyuma ya choo, kwenye beleshi. Nikamuuliza upepo ulikuwa unavuma kwenda wapi.

"Sijaangalia," kasema. "Nilikuwa nimefunga lile dirisha lako."